Thaddeus Stevens: Kapera Aliyepigania Shule za Watoto wa Wenzake

Kuna hoja moja haiishi kwenye vimbweta vyetu, hasa zile wiki ambazo bumu limechelewa na watu wamebaki na njaa na maneno tu. Hoja yenyewe ni hii: kwa nini mtu asiye na mtoto shuleni akatwe kodi ili mtoto wa mwenzake asome? Mmoja atasema elimu bure ni mzigo kwa walipa kodi. Mwingine atasema sawa, wasaidiwe, lakini wale maskini kabisa tu, na kwanza wathibitishe huo umaskini wao. Mimi nikiwasikiliza huwa namkumbuka jamaa mmoja wa Marekani aliyekuwa kapera maisha yake yote, ambaye mwaka 1835 alisimama kwenye bunge la jimbo lake akaijibu hoja hiyohiyo.

Anaitwa Thaddeus Stevens. Alikuwa wakili, mfanyabiashara wa chuma na mwanasiasa. Wengi wetu tunaomjua tumemjulia kwenye filamu ya Lincoln ya mwaka 2012, yule mzee mkali mwenye wigi aliyeigizwa na Tommy Lee Jones. Lakini filamu ile inaonyesha miezi michache tu ya uzee wake. Sisi tunaosomea ualimu tunahitaji kumjua tangu mwanzo, pamoja na lile doa ambalo wanaompenda hulipita haraka.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, jimbo la Vermont, kaskazini kabisa mwa Marekani kwenye baridi kali. Alizaliwa na mguu kifundo, na kaka yake mkubwa alikuwa na tatizo hilo kwenye miguu yote miwili. Enzi hizo hakukuwa na matibabu ya kuunyoosha mguu huo, na kwa watu wengi ulemavu ulikuwa ni alama ya laana. Watoto wenzake walimcheka na kumwigiza anavyotembea. Baba yake alikuwa mkulima na mshona viatu, mlevi, na mwishowe aliitelekeza familia. Mama yake, Sarah, akabaki na watoto wanne wa kiume na shamba lisilotosha.

Mama huyu ndiye chanzo cha kila kitu. Aliona kwamba mtoto huyu mguu wake hautamruhusu kuishi kwa jembe, basi akaamua ataishi kwa kitabu. Akaihamisha familia hadi mji jirani wa Peacham kwa sababu kulikuwa na shule nzuri ya sekondari, akafanya kazi usiku na mchana mpaka kijana akafika Chuo cha Dartmouth. Alihitimu mwaka 1814. Miaka mingi baadaye, akiwa na pesa zake, Stevens alimnunulia mama yake shamba. Na kwenye wosia wake aliacha fedha za kutunza kaburi la mama huyo, na akaagiza lipandwe waridi na maua mengine ya kuchangamsha.

Baada ya chuo alifanya kazi ambayo wengi wetu tunaielekea: alifundisha. Mwaka 1815 alihamia York, jimbo la Pennsylvania, akawa mwalimu mchana na jioni anasoma sheria. Mawakili wa pale walikuwa na utaratibu wa kutompokea mtu aliyesoma sheria huku akifanya kazi nyingine. Stevens hakubaki kulalamika. Alivuka mpaka hadi jimbo jirani la Maryland, akafanya mtihani huko, akarudi Pennsylvania na sifa za uwakili mkononi. Mwaka 1816 akafungua ofisi kwenye mji mdogo uitwao Gettysburg.

Mwanzoni kazi zilikuwa za kuokoteza. Halafu akapata kesi ya mauaji ambayo mawakili wengine hawakuitaka. Akamtetea mshtakiwa kwa hoja kwamba hakuwa na akili timamu, hoja ambayo wakati huo haikuzoeleka mahakamani. Kesi alishindwa na mteja wake akanyongwa, ila mji mzima ukajua kwamba yule wakili kijana anayechechemea si wa mchezo. Wateja wakaanza kupanga foleni.

Sasa tufike kwenye doa.

Pennsylvania ilikuwa na sheria ya mwaka 1780 iliyokuwa ikifuta utumwa hatua kwa hatua. Sheria hiyo ilisema kwamba mtumwa wa mtu asiye mkazi, akiletwa ndani ya jimbo na kukaa miezi sita, anakuwa huru. Maryland, jimbo la jirani, utumwa uliendelea kama kawaida. Mwanamke mmoja mtumwa, Charity Butler, alikuwa ameletwa Pennsylvania mara kadhaa, akaja kudai mahakamani kwamba siku zake zimetimia, yeye na watoto wake ni huru. Mmiliki wake, Norman Bruce wa Maryland, akatafuta wakili, na wakili aliyempata ni Thaddeus Stevens.

Mwaka 1821 Stevens aliieleza mahakama kwamba ile miezi sita lazima iwe mfululizo. Siku za kuja na kuondoka haziwezi kujumlishwa. Kisheria hoja ilikuwa safi, na mahakama ikaikubali. Charity Butler na watoto wake wakarudishwa utumwani.

Nataka tukae hapa kidogo. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye angeitwa adui mkubwa wa utumwa katika Bunge la Marekani. Aliwahi kutumia elimu aliyoipata kwa jasho la mama yake kumrudisha mama mwingine kwenye minyororo, tena kwa kuhesabu siku. Sitausemea moyo wake. Ninachoweza kufanya ni kufuata nyayo zake baada ya kesi ile, na nyayo zinaonyesha mtu aliyegeuka. Katika miaka iliyofuata alijenga jina kwa kuwatetea watumwa watoro, mara nyingi bila malipo. Elimu yake ya sheria haikubadilika. Alibadilisha upande tu, na hakurudi tena kule alikotoka.

Wakati huohuo alikuwa anatafuta pesa. Alinunua viwanja na nyumba Gettysburg hadi akawa mmoja wa wenye mali nyingi mjini. Akaingia kwenye biashara ya chuma na mwenzake, James Paxton, na baadaye wakajenga kiwanda walichokiita Caledonia, kwa jina la wilaya aliyozaliwa kule Vermont. Biashara hiyo haikumtajirisha. Chuma cha Pennsylvania kilikuwa na ushindani mkubwa, na Caledonia ilimeza pesa kuliko ilivyozitoa. Hata hivyo hakuifunga, kwa sababu familia nyingi za eneo lile zilikula kupitia kiwanda kile.

Kwenye siasa aliingilia mlango ambao leo utawachekesha wengi: chama cha kuwapinga Frimasoni. Ndiyo, hawa Frimasoni ambao huku kwetu kila msanii akinunua gari anasingiziwa. Marekani ya wakati ule watu wengi waliamini kwamba chama hicho cha siri kinawabeba wanachama wake mahakamani na serikalini. Stevens aliwashambulia kwa miaka, wakati mwingine kupita kiasi. Kwa tiketi hiyo akachaguliwa mwaka 1833 kuingia Baraza la Wawakilishi la Pennsylvania.

Hapo ndipo shule zinapoingia. Tangu mwaka 1809 Pennsylvania ilikuwa na sheria ya kuwalipia ada watoto wa maskini. Inasikika vizuri, lakini hebu tazama ilivyofanya kazi. Mzazi alitakiwa ajitokeze, aandikishwe rasmi kwamba ni fukara, ndipo mtoto asome kwa fedha za umma. Wazazi wengi waliona afadhali mtoto abaki nyumbani kuliko kumpeleka shule akiwa na muhuri wa ufukara kwenye paji la uso. Mwaka 1834 bunge likapitisha sheria mpya: shule za wote, zinazoendeshwa kwa kodi, mtoto wa tajiri na wa maskini kwenye benchi moja.

Balaa likaanza. Wenye mali walikasirika kutozwa kodi kwa ajili ya watoto wasio wao. Jamii za Wajerumani zilizokuwa na shule zao za kanisa hazikutaka kulipa mara mbili. Wasio na watoto nao wakauliza yanawahusu nini. Maombi ya kuifuta sheria yakamiminika bungeni yakiwa na saini zaidi ya 30,000, wakati za kuitetea zilikuwa chache mno. Wabunge waliokuwa wameipigia kura mwaka mmoja tu nyuma wakageuka kama kinyonga. Seneti ya jimbo ikapiga kura ya kuifuta. Ilibaki Baraza la Wawakilishi, na kila mtu alijua matokeo yatakuwaje.

Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens akasimama. Kumbuka mazingira yake. Wapiga kura wengi wa wilaya yake hawakuitaka sheria hiyo. Gavana aliyekuwa anaitetea, George Wolf, alikuwa mpinzani wake kisiasa, na zaidi ya hapo ni Frimasoni. Stevens mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto wa kumpeleka shule. Kwa hesabu za kisiasa, kukaa kimya kulikuwa na faida kuliko kusema.

Alisema. Aliwajibu wanaouliza kwa nini walipie watoto wa wengine kwa kuwakumbusha kwamba wanalipia mahakama na magereza kila mwaka, ingawa wao hawajashtakiwa wala kufungwa. Mtu anayekubali kutoa fedha za kumwadhibu mhalifu anakataaje kutoa fedha za kumzuia asiwe mhalifu? Alionyesha kwa hesabu kwamba shule za pamoja ni nafuu kuliko kila mzazi kujitegemea. Lakini kiini cha hotuba yake kilikuwa ile orodha ya mafukara. Alisema sheria ile ya zamani ingefaa kuitwa sheria ya kuwatia alama maskini ili wakae mbali na matajiri. Hakutaka maskini asaidiwe kwa kudhalilishwa. Alitaka mtoto aingie darasani kwa haki, kama wenzake, bila mtu kumuuliza baba yake ana nini.

Wanaoelewa mambo ya bunge wanajua hotuba hazigeuzi kura mara nyingi. Hii iligeuza. Baraza lilikataa kuifuta sheria, na maseneta, ambao baadhi yao walikuja kumsikiliza, wakarudi kwao wakaubadili msimamo. Shule za umma za Pennsylvania zikabaki. Stevens aliishi miaka mingine 33 na kufanya makubwa zaidi, lakini ushindi wa siku ile ndio aliojivunia mpaka uzeeni.

Miaka mitatu baadaye alionyesha tena rangi yake. Mkutano wa kuandika upya katiba ya jimbo uliingiza neno linalowanyima wanaume Weusi haki ya kupiga kura. Stevens, aliyekuwa mjumbe, alikataa kuweka saini yake kwenye katiba hiyo. Sikusudii kumfanya malaika, maana mwaka huohuo wa 1838 chama chake kilijaribu kuchezea matokeo ya uchaguzi, umati ukavamia bunge pale Harrisburg, na yeye na mwenzake Thomas Burrowes wakaokoa maisha yao kwa kuruka dirishani. Alipenda kamari pia, na ulimi wake ulikuwa unakata kama wembe. Walioguswa nao hawakumsahau.

Kufikia mwaka 1842 chuma kilikuwa kimemwachia madeni ya zaidi ya dola 200,000, pesa nyingi mno kwa wakati ule. Angeweza kutangaza kufilisika na kuondoka. Badala yake alihamia Lancaster, mji wenye kesi nyingi, akarudi kwenye uwakili kwa nguvu zote akawa analipa deni kidogo kidogo. Ni huko Lancaster alipokutana na Lydia Hamilton Smith, mjane mwenye asili ya Kiafrika, aliyesimamia nyumba yake na biashara zake kwa miaka takriban 20. Watu walinong'ona sana kuhusu wawili hao. Stevens hakujibu umbea. Kilichojulikana ni kwamba alimwita kwa heshima ya mama mwenye nyumba, na wageni wake walitakiwa kumwita hivyohivyo. Nyumba yao ilikuwa sehemu ya njia za siri za kuwatorosha watumwa kwenda kaskazini, na wachimbaji wa mambo ya kale wamegundua uani tangi la maji la chini ya ardhi lililobadilishwa, inaaminika, kuwa maficho.

Akaingia bunge la taifa mwaka 1849. Mwaka 1851 mmiliki wa watumwa kutoka Maryland alikuja hadi Christiana, karibu na Lancaster, kuwakamata watoro wake, watu Weusi wa pale wakapambana naye, akauawa. Serikali ikawashtaki watu 38 kwa uhaini. Stevens alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi, na mshtakiwa wa kwanza, Castner Hanway, aliachiwa na wazee wa baraza kwa muda mfupi sana. Tazama mzunguko wa maisha: miaka 30 baada ya kumsaidia mtu wa Maryland kumchukua Charity Butler, wakili yuleyule yuko mahakamani dhidi ya madai ya mtu mwingine wa Maryland.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bunge ya mapato na matumizi, yaani mtu wa kutafuta pesa za vita. Alisimamia kodi, mikopo, na mwaka 1862 sheria ya noti za karatasi za serikali. Huku anamsukuma Rais Lincoln awaachie watumwa huru na awape bunduki. Watu wa Kusini walimkumbuka. Juni 1863, siku chache kabla ya mapigano ya Gettysburg, jeshi la Jenerali Jubal Early lilipita Caledonia na kukichoma kiwanda chake. Stevens aliendelea kuzisaidia familia za wafanyakazi waliopoteza kazi. Septemba mwaka huo mpwa wake Alanson, mmoja wa vijana aliowalea, akauawa vitani Chickamauga.

Januari 1865 bunge likapitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa. Watu karibu milioni 4 waliokuwa mali wakawa watu mbele ya sheria. Lakini Stevens, aliyekuwa na umri wa miaka 72, alijua kwamba kumfungua mtu minyororo na kumwacha hana ardhi, kura wala shule ni kumrudisha alikotoka kwa njia nyingine. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma Marekebisho ya 14, yanayosema kila aliyezaliwa Marekani ni raia na kila mtu anastahili ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1867 zikapita sheria zilizoyaweka majimbo 10 ya Kusini chini ya jeshi na kuwapa wanaume Weusi kura.

Jambo moja lilimshinda. Alipendekeza mashamba ya matajiri wakubwa wa Kusini yataifishwe na kila mwanaume aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Hata wenzake wa chama wakakataa. Mali ya tajiri ilikuwa kitu kitakatifu, hata kama ilitokana na jasho la watumwa. Watu walioachiwa huru wakabaki wakilima mashamba ya waliokuwa mabwana zao, na madhara yake yalidumu vizazi.

Mwaka 1868 aliongoza juhudi za kumwondoa Rais Andrew Johnson, aliyekuwa anayakwamisha haya yote. Stevens alikuwa mgonjwa hadi anabebwa kwenye kiti kuingia ukumbini. Johnson alinusurika kwenye Seneti kwa upungufu wa kura moja. Tarehe 11 Agosti mwaka huo Stevens akafariki mjini Washington, Lydia Smith akiwa kando ya kitanda. Mwili wake uliwekwa chini ya kuba la jengo la Bunge, ukilindwa na askari Weusi.

Hata kaburi lake ni hoja. Makaburi makubwa ya Lancaster yalikuwa hayapokei watu wa rangi zote. Stevens alichagua eneo dogo lisilobagua, na akaagiza jiwe lake lieleze kwamba amelala pale ili kifo chake kiendane na alichokitetea maishani: usawa wa binadamu mbele ya Muumba. Kwenye wosia aliacha fedha za makao ya yatima, kwa sharti kwamba asibaguliwe mtoto kwa rangi ya wazazi wake. Kutokana na wosia huo mwaka 1905 kikaanza chuo cha ufundi ambacho mpaka leo kipo Lancaster kwa jina lake, na vijana wasio na uwezo husoma pale bila ada.

Baada ya kifo chake walioshindwa vitani waliandika historia yao. Filamu ya mwaka 1915 ya The Birth of a Nation ilimgeuza kuwa jitu baya, kwa jina la kubuni. Lakini sheria aliyoipigania haikufa. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto Weusi kwenye shule zao peke yao ni kinyume cha Katiba, na kifungu walichokitumia ni Marekebisho ya 14. Yaani kazi yake ya mwisho ilikuja kukutana na ile ya mwaka 1835 mlangoni mwa darasa.

Kwa hiyo mwenzangu, hoja ya kimbweta ikirudi, na itarudi, usiishie kwenye hesabu za kodi. Uliza pia swali la Stevens: mtoto huyu akiingia darasani, anaingia kama mwanafunzi au kama fukara aliyeandikishwa? Kwetu ada zilifutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, lakini darasa la mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya wenzake kwa sababu hajaleta mchango bado lina ile orodha ya 1809. Na walimu wa madarasa hayo, miaka miwili mitatu ijayo, tutakuwa sisi.